Pigo la Kimya

Ngoma za skuli hazijafika Ibra.
Zimo ndani ya karatasi fulani huko Maskati,
zinangoja mhuri tangu Ramadhani.
Basi mwalimu Zuwena akatwambia:
"Njooni kesho na kile nyumba inachokitupa."

Tukaja. Mimi na debe la samli la bibi,
kutu kidogo ubavuni, harufu bado imo.
Asila na makopo matatu ya jodari.
Yaarubu na chupa ya maji yenye kokwa za tende,
arubaini na moja, kazihesabu mwenyewe,
maana kwao hata chumvi hutiwa kwa hesabu.
Mundhiri alikuja mikono mitupu.
"Kwetu hatutupi," akasema,
na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akatufunga macho kwa shela yake,
mmoja mmoja, akagonga, akauliza: nini hicho?
Kioo huimba; hata kikivunjika, huimba.
Bati hucheka ovyo, kama mjomba harusini.
Plastiki hulalama, haifi, hulalama tu.
Karatasi hushusha pumzi.
Hivyo ndivyo tulivyojua pipa lipi ni la nani,
sikio kwanza, jicho baadaye.
Mpaka leo, jikoni kwangu, hugonga kopo kwa kucha
nisikie linasemaje kabla sijaliaga.

Kisha akatupa pigo. Si la Kiarabu cha ubaoni,
bali la Kiswahili chetu cha majumbani,
kile cha chai na cha ugomvi:

Taka.
Taka, taka.
Takataka, taka.

Debe likakoroma, makopo yakadakia,
kokwa za Yaarubu zikanyesha kama mvua,
mvua ambayo huku hatuijui ila kwa mafuriko.
Wanawake waliotoka soko la Jumatano
walisimama nyuma ya ukuta na vikapu vyao;
mmoja alitingisha bega, akajikanya.

Siku ya tano ndipo nilipoharibu.
Nilitaka mlio mkali kuliko wa Asila.
Nikanunua soda sita duka la pampu ya petroli,
mbili nikanywa, tumbo likakataa,
nne nikazimwaga kwenye mfereji wa falaji,
povu likaondoka kuelekea mitende ya watu.
Nikaingia darasani kifua mbele,
makopo sita yanang'aa.

Mwalimu hakupaza sauti.
"Haya yamekwisha kazi gani?"
Nikatazama viatu.
"Ulitaka?"
Nilitaka.
"Ukataka tena?"
Nikataka.
"Basi piga."
Nikapiga. Taka, taka, takataka, taka,
mpaka neno likanigeukia mdomoni:
kule kutaka kwangu na hizi taka za chini,
mtu na nduguye, wamevaa kanzu moja.
Nilipomsimulia bibi, aliweka kikombe chini.
"Miaka sabini nalisema neno hilo," akasema,
"na halijanifungulia mlango."

Kesho yake mwalimu alimweka Mundhiri mbele,
na mikono yake ileile mitupu.
"Huyu atapiga kile kisichonunuliwa."
Taka. Taka, taka. Takataka,
na pale pa mwisho, sote tukasita,
Mundhiri akainua viganja viwili, hamna kitu.
Kimya,
upana wa kopo moja tu.
Ndani yake tukasikia falaji nyuma ya ua
ikipita zake, haina kinyongo nami.
Hapo ndipo pagumu kuliko pote.
Yaarubu alishindwa mara tisa;
kokwa zake hazikujua kunyamaza.

Ngoma za skuli zilifika baada ya Idi Kubwa,
mpya, zimevishwa plastiki tabaka tatu.
Tuliichana nayo ikalalama,
tukatazamana, hakuna aliyecheka.
Asila aliizunguka ngoma kubwa, akaigusa ngozi.
Mundhiri hakuitazama.
Aliuliza kama anaweza kuchukua sanduku.